Paa, Moto na Mwanadamu: Historia ya Filamu ya Bambi na Mafunzo Yake

Mwalimu wa Kiswahili atakayetaka kuwasimulia wanafunzi wake habari za filamu ya Bambi atakwama tangu neno la kwanza. Mnyama aliye kiini cha filamu hiyo hana jina la asili katika lugha yetu, kwa sababu jamii yake haimo katika mbuga wala misitu ya Afrika iliyo kusini ya Sahara. Wafasiri wa Biblia walipokutana naye katika Zaburi walimwita ayala, wakiazima neno la Kiarabu. Wengine humwita kulungu, na wengine paa. Hakuna jina hata moja kati ya hayo linalomtosha. Paa na kulungu wetu wana pembe zisizo na matawi, nazo hudumu vichwani mwao hadi kufa. Bali mnyama huyu wa kaskazini, yule dume, huota pembe zenye matawi, zikaanguka kila mwaka na kuota upya. Katika makala haya tutamwita paa, kwa kuwa neno hili linajulikana na wengi, na kwa kuwa yule wa hadithi ya kwanza hakuwa mkubwa wa umbo. Mwalimu akumbuke tu kuwaonya wanafunzi wasimchanganye na paa la nyumba.

Filamu hiyo ilitolewa mwaka 1942 na kampuni ya Walt Disney ya Marekani. Ni sinema ya katuni ya dakika 70 hivi, yenye nyimbo, iliyokusudiwa kutazamwa na wazazi pamoja na watoto wao. Lakini hatuichungui kwa ajili ya umaarufu wake. Twaichungua kwa sababu hadithi hii ya paa ilitoka katika ukumbi wa sinema ikaingia katika magomvi ya wawindaji na katika mipango ya serikali, ikawafundisha watu jambo moja la kweli na jingine lililokuja kuonekana kuwa la kweli nusu tu. Nasi tunaofundisha lugha kwa hadithi za Sungura, Fisi na Simba yatupasa tujue hadithi ya wanyama yaweza kufanya kazi gani ikishatoka kinywani mwa msimuliaji.

Kitabu kilichotoka Vienna

Asili ya filamu ni kitabu cha Kijerumani. Mtungaji wake, Felix Salten, alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Budapest, akakulia Vienna, mji mkuu wa Austria. Alikuwa Myahudi, na kazi yake ilikuwa uandishi wa magazeti na vitabu. La kushangaza ni kwamba alikuwa pia mwindaji: aliijua misitu kwa kuwa aliingia humo na bunduki. Hadithi yake ilichapishwa kwanza kwa mafungu katika gazeti mwaka 1922, ikatoka kama kitabu mwaka 1923. Mwaka 1928 ilifasiriwa kwa Kiingereza na Whittaker Chambers, ikapata wasomaji wengi huko Marekani.

Kitabu hicho si cha kubembelezea watoto usingizi. Kifo kimo tangu kurasa za mwanzo: kicheche anamwua panya mbele ya macho ya Bambi mchanga, baadaye, wakati wa theluji na njaa, kunguru wanamshambulia mtoto wa sungura, na mbweha anamrarua ndege. Majani mawili ya mwisho yanaongea juu ya tawi, yakiulizana yatakuwaje yakianguka. Kisha kuna Gobo, binamu yake Bambi, aliyeokotwa na binadamu katika theluji, akalishwa, akavishwa ukanda wa shingoni, akarudi msituni akiamini kwamba binadamu ni rafiki yake. Imani hiyo ndiyo iliyomwua, kwani alimwendea mwenye bunduki bila ya kukimbia. Karibu na mwisho, paa mzee anampeleka Bambi mahali alipolala jangili aliyeuawa na binadamu mwenziwe, ili amwonyeshe kwamba huyo waliyemdhani muweza wa yote naye hufa, na kwamba yuko aliye juu ya wote.

Ni hadithi ya viumbe wanaoishi kwa hofu, wasijue adui atatokea upande gani. Wapo wasomaji walioona humo mfano wa watu wanaoandamwa kwa ajili ya asili yao, na maisha ya Salten mwenyewe yaliwapa sababu ya kufikiri hivyo. Utawala wa Wanazi ulikipiga marufuku kitabu chake Ujerumani mwaka 1936. Wanazi walipoichukua Austria mwaka 1938, hapakuwa tena na amani kwa mwandishi Myahudi. Mwaka 1939 akahamia Uswisi, na huko Zürich akafariki mwaka 1945.

Miaka ya kuchora

Haki ya kukifanya kitabu kuwa filamu ilinunuliwa mwaka 1933 na Sidney Franklin, mwongozaji wa sinema wa Marekani. Bwana Franklin alikusudia kutumia wanyama hai, lakini akaona ni vigumu mno, na mwaka 1937 haki hiyo ikapita mikononi mwa Disney. Hapo kazi ilichukua miaka mitano. Sababu ilikuwa moja: Disney hakutaka paa wa katuni aliye mtu aliyevaa ngozi ya mnyama. Alitaka paa asimame kama paa, ateleze kama paa, asikilize kwa masikio yake kama paa.

Basi wachoraji wazima wakarudi darasani. Mchoraji Rico Lebrun aliwafundisha mifupa na misuli ya mnyama ilivyo. Watoto wawili wa paa waliletwa kutoka jimbo la Maine, upande wa pili wa nchi, wakafugwa karibu na wachoraji ili watazamwe kila siku wanavyokua. Mpiga picha alitumwa katika misitu ya Maine kuleta picha za miti, mito na majani katika majira mbalimbali. Kwa njia hiyo paa mdogo wa Ulaya aliyeandikwa na Salten akageuka kuwa paa wa Marekani mwenye mkia mweupe. Twaweza kusema kwamba hadithi ilifasiriwa mara mbili: mara ya kwanza katika lugha, mara ya pili katika mnyama mwenyewe.

Msitu wa filamu hiyo una sura ya pekee, na aliyeupa sura hiyo ni Tyrus Wong. Alizaliwa mwaka 1910 katika jimbo la Guangdong, Uchina, akaingia Marekani mwaka 1920 akiwa mtoto. Alipokuwa akifanya kazi ndogo ya kuchora picha za kati za katuni, alisikia kwamba wenziwe wanashindwa na msitu wa Bambi: walichora kila jani, na paa akapotea katika majani. Wong akafuata desturi ya wachoraji wa zamani wa Uchina. Alipiga rangi chache, akaacha ukungu na mwanga viseme, na jicho la mtazamaji likajaza lililobaki. Mwaka 1941 wafanyakazi wa Disney walifanya mgomo mkubwa. Wong hakugoma, lakini baada ya mgomo aliachishwa kazi. Filamu ilipotoka, jina lake lilitajwa kati ya wachoraji wa mandhari tu. Heshima iliyomstahili alipewa na kampuni hiyo mwaka 2001, naye akafariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 106.

Nyimbo na ukimya

Muziki ulitungwa na Frank Churchill na Edward Plumb, na maneno ya nyimbo yaliandikwa na Larry Morey. Churchill alifariki mwezi Mei 1942, kabla filamu haijaonyeshwa. Hapa pana jambo ambalo walimu wa fasihi watalipenda: ingawa filamu ina nyimbo, wanyama wenyewe hawaimbi. Zinaimbwa na sauti zisizoonekana, kana kwamba msitu ndio unaoimba. Katika wimbo wa mvua, ala na waimbaji wanaiga tone la kwanza juu ya jani, kisha matone mengi, kisha tufani na radi, na mwishowe utulivu. Nayo maneno ya mazungumzo katika filamu nzima hayafiki elfu moja. Muziki umebeba kazi ya msimuliaji.

Muziki huo pia ndio unaotangaza adui. Mwanadamu haonekani hata mara moja. Hatuoni uso wake, mkono wake, wala kivuli chake. Twasikia tu noti tatu za chini zikirudiwarudiwa, nasi twajua amefika. Mama yake Bambi anauawa vivyo hivyo. Majani mapya yamechomoza katika theluji, mama anainua kichwa, anamwamuru mwanawe akimbie. Mlio wa bunduki unasikika, na mtoto anafika pangoni peke yake. Mwili hauonyeshwi wala damu haimwagiki. Hata hivyo vizazi vya watoto vimetoka katika ukumbi vikilia.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza London na New York mwezi Agosti 1942. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimefunga masoko ya Ulaya, na mapato hayakurudisha gharama. Ilipendekezwa kupewa tuzo tatu za Oscar, isipate hata moja. Iliporudishwa kumbini mwaka 1947 na katika miaka iliyofuata, ndipo ilipopata wapenzi wake. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa urithi wa taifa.

Wawindaji wakasirika

Walioielewa haraka nguvu ya filamu hiyo ni wawindaji. Mwaka 1942 huohuo, Raymond Brown, mhariri wa gazeti la wawindaji liitwalo Outdoor Life, alimlalamikia Disney kwamba amewatukana wawindaji wa Marekani kwa kuwaonyesha kama wauaji na wachoma misitu. Lalamiko hilo halikuwa la upuuzi. Katika filamu, wanaopiga risasi hovyo, wanaowaachia mbwa wamfukuze paa jike, na wanaoacha moto wa kambi ukaunguza msitu ni watu hao hao. Hakuna mwindaji mwema, wala mwenye njaa, wala anayefuata sheria. Kuna Mwanadamu tu, jina la jumla.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likiendelea katika jimbo la Wisconsin. Mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Aldo Leopold alikuwa akieleza kwamba paa wamezidi. Mbwa-mwitu walikuwa wamekwisha kuuawa, na paa wasio na adui walikula miche hata msitu ukashindwa kujizaa upya. Kisha katika majira ya baridi walikufa kwa njaa. Leopold alishauri paa majike nao wawindwe, na mwaka 1943 jimbo likaruhusu. Watu wengi walichukizwa, naye akashutumiwa vikali. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyoleta chuki hiyo, kwani huruma kwa paa ilikuwako kabla yake. Twasema tu kwamba mwalimu yule alisimama mbele ya watu waliokwisha kuona kifo cha mama yake Bambi, akawaambia kwamba kumpenda paa mmoja na kuupenda msitu si jambo moja.

Hasara hiyo imeendelea kuhesabiwa. Paa wenye mkia mweupe, waliokaribia kwisha Marekani mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu ya uwindaji wa biashara, leo hukadiriwa kuwa kama milioni 30, nao hula miche ya misitu na mazao ya wakulima.

Moto

Habari ya moto ni ndefu zaidi. Katika kitabu cha Salten hakuna moto mkubwa wa msitu. Ni watengenezaji wa filamu walioutia. Walikuwa na sababu. Mwaka 1910 moto uliteketeza kadiri ya ekari milioni 3 katika majimbo ya kaskazini-magharibi, hasa Idaho na Montana, na kuua watu zaidi ya 80. Toka hapo Idara ya Misitu ya Marekani iliuhesabu moto kuwa adui asiye na faida yoyote. Mwaka 1935 ikatoa amri kwamba kila moto utakaoonekana ushindwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Vita vilipoanza, hofu iliongezeka: mwezi Februari 1942 manowari ya Kijapani ilipiga mizinga pwani ya California, si mbali na misitu ya serikali.

Basi mwaka 1944 serikali iliomba picha ya Bambi, na paa huyo akawekwa katika matangazo ya kuwakumbusha watu kuzima moto wa kambi na viberiti vyao. Tangazo likapendwa. Lakini Disney alikuwa ameazima mnyama wake kwa mwaka mmoja tu, kwa hiyo serikali ikalazimika kutafuta wake yenyewe. Mwezi Agosti 1944 akazaliwa dubu wa matangazo aitwaye Smokey, mwenye kofia na ndoo ya maji, ambaye mpaka leo angali akiwaonya Wamarekani. Ndivyo paa wa katuni alivyomtangulia dubu katika kazi ya serikali.

Onyo hilo lilikuwa la kweli. Mtu anayeacha makaa hai chini ya mti ni mtu wa hatari. Lakini watoto hawakufundishwa hilo tu. Walifundishwa pia kwamba kila moto ni uovu. Wenyeji wa asili wa Marekani walikuwa wakichoma nyasi na vichaka kwa mpango, muda mrefu kabla ya Wazungu kufika. Katika miaka ya 1960 wataalamu walionyesha kwamba miti mikubwa ya sequoia ya California huhitaji moto: joto hufungua makoko yake, na moto husafisha ardhi ili mbegu zipate mahali pa kuota. Pale moto ulipozuiwa kwa miaka mingi, kuni kavu zilirundikana, na moto ulipokuja haukuwa tena mtumishi wa msitu. Idara ya hifadhi za taifa ilibadili siasa yake mwaka 1968, na Idara ya Misitu ikaifuta amri ya saa nne asubuhi mwaka 1978. Mwaka 1988 zaidi ya theluthi moja ya hifadhi ya Yellowstone iliguswa na moto. Wengi wakasema hifadhi imekufa, kumbe miche ikachipua katika majivu.

Tusiisahau habari ya Leopold katika jambo hili. Alifariki mwezi Aprili 1948 kwa ugonjwa wa moyo, alipokuwa akiwasaidia majirani kuzima moto wa nyasi. Mtu aliyekataa kuupenda msitu kwa ujinga hakukataa kuulinda.

Yasiyokuwamo

Tukilinganisha kitabu na filamu, twaona kwamba filamu ilitoa zaidi ya ilivyotia. Kicheche na panya wameondolewa. Bundi, ambaye kwa kawaida hula panya na sungura wadogo, amekuwa mzee mshauri anayekaa nao kwa amani. (Wanafunzi wetu watashangaa, maana kwetu bundi ni ndege wa mkosi, nalo ni jambo zuri la kuzungumza darasani.) Gobo hayumo, wala maiti ya jangili haimo. Katika kitabu kila kiumbe huua au huuawa, na binadamu ni mmoja wao, mwenye nguvu kupita wengine. Katika filamu msitu hauna hatia, na binadamu ni ubaya unaotoka nje.

Mwaka 1994 kampuni hiyohiyo ilitoa filamu ya simba, iliyowekwa katika nchi inayofanana na mbuga zetu, ikachota majina katika Kiswahili: Simba, Rafiki, na Pumbaa, ambalo mwalimu wa sarufi atalitambua kuwa kitenzi. Humo simba mzee anamweleza mwanawe kwamba wao hula swala, lakini wakifa miili yao huwa majani, na swala huyala majani hayo. Kwa hesabu ya elimu ya mazingira hiyo ni hatua mbele ya Bambi. Hata hivyo, katika nchi hiyo yenye majina ya Kiswahili hakuna msemaji wa Kiswahili hata mmoja: hakuna mchungaji, mkulima, wala mwanamke anayeteka maji. Zamani binadamu alikuwa adui asiyeonekana; safari hii hayuko kabisa.

Jambo hili si la sinema peke yake. Mwaka 1959 mipaka ya hifadhi ya Serengeti ilipopangwa upya, Wamasai waliokuwa wakichunga ndani yake walihamishiwa Ngorongoro. Filamu ya Bambi haikuamua hayo. Lakini fikra kwamba nyika njema ni nyika isiyo na watu ni ndugu ya ile inayomfanya Mwanadamu kuwa noti tatu za kutisha.

Kwa darasa letu

Twaona kuna kazi tatu ambazo mwalimu aweza kuzifanya kwa filamu hii, hata kama shule yake haina sinema na itambidi aisimulie tu.

Ya kwanza ni ya msamiati. Wanafunzi wakusanye majina ya wanyama wenye pembe kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani kwao: swala, paa, kulungu, pofu, kongoni, tandala. Watagundua kwamba mara nyingi lugha ya nyumbani ina majina mengi kuliko yale wanayoyajua kwa Kiswahili, na Kiswahili chao kitanenepa kwa kuyatafutia wenzake.

Ya pili ni ya usimulizi. Wasimulie kifo cha mama yake Bambi mara mbili: mara moja kwa kinywa cha mtoto wa paa, na mara ya pili kwa kinywa cha mwindaji ambaye nyumbani ana watoto wenye njaa. Pasiwe na mwanafunzi wa kulazimishwa kuchagua upande.

Ya tatu ni ya mjadala, na mada iwe moto. Wazazi wa wanafunzi wengi huchoma nyasi kavu ili majani mabichi yachipue kwa ajili ya mifugo, au husafisha shamba kwa moto kabla ya mvua. Ubaoni mwa shule huandikwa kwamba kuchoma moto ni kuharibu mazingira. Mtoto husimama kati ya baba yake na ubao, asijue amheshimu yupi. Mwalimu asimwonee haya mzazi wala asiufute ubao upesi. Awaulize watoto: moto upi, wakati gani, upepo ukielekea wapi, na nani ameukalia macho? Wakiyajibu maswali hayo kwa Kiswahili fasaha, watakuwa wamejifunza lugha, na watakuwa wameuliza lile ambalo Wamarekani walichelewa kuliuliza kwa muda wa miaka mingi.